Senge, Pumzi Zetu Zina Jina

Mpendwa Senge,

Kwenye darasa la kanisa tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, sijui wewe. Leo nimeyaandika maneno hayo, nikayakata, nikayaandika tena, nikayakata. Wewe umelala katika udongo wa Saboti, na mimi kujiita mzima ni uongo ambao usingeukubali, maana kifua changu ulikijua kuliko nilivyokijua mimi. Basi nianze na kilichonikalisha hapa: nina aibu. Nina aibu tangu wageni wa Ndalu walipoondoka kwetu wakaacha chai vikombeni, na kila nikitafuta mtu wa kumweleza, ni wewe tu unayenijia.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya dunia hii ni mgongo wako. Mama alikuwa amefariki, nami nilikuwa mdogo hata siukumbuki uso wake. Wewe, dada wa baba, senge kwa lugha yetu, ndiye uliyenilea. Siku ambazo kifua kilifunga nilikuwa siwezi kulala chali, kwa hiyo ulikaa sakafuni ukanigeuzia mgongo, nami nikaegemea hapo, mgongo kwa mgongo, mvua ya mlimani ikipiga nyasi za paa. Nilisikia pumzi zako zikienda polepole na nikajaribu kuzifuata. Hukuniambia nisiogope. Uliniambia nihesabu kuku wa nyapara jirani kwa majina yao, ukajifanya umesahau la jogoo, nikalazimika kukukumbusha. Ilipofika zamu ya jogoo kwa kawaida nilikuwa naweza kutamka neno zima.

Nje, Baba alikuwa na maneno yake. Mtu akipita akauliza mbona mtoto haonekani, Baba alijibu kwamba anapumzika. Hivyo tu. Katika nyumba yetu pale kwenye shamba la mzungu hakuna aliyewahi kuugua kifua. Tulikuwa watu wa kupumzika. Baba alikuwa mzee wa kanisa na nyapara wa mahindi, mtu wa kofia na fimbo, na siku moja alipokusikia ukisema mbele ya mke wa jirani kwamba pumzi zangu zimekwama, alikuita nyuma ya nyumba. Nilimsikia. "Hapa kwangu hakuna mutu hapumui," alisema. "Hilo neno lisitoke tena kwa mulango." Nawe ukanyamaza, wewe ambaye ulikuwa na jibu kwa kila mtu toka Saboti mpaka Kitale.

Nilimchukia kwa hilo. Baadaye sana ndipo uliponieleza kwa nini, tukichagua mawe kwenye nafaka ya wimbi, ukiongea bila kunitazama. Mama yenu alikuwa na kifua hicho hicho, na watu wa Bungoma walisema nyumba yenu imekaliwa na mtu aliyekufa na kinyongo, anawaketia watoto vifuani. Wewe uliolewa, ukakaa mwaka na kitu, hadi msimu wa kupepeta ulipofika na vumbi likakufunga mbele ya mama mkwe. Walikurudisha. Ng'ombe wa mahari nao walidaiwa, na Baba, akiwa bado kijana, ndiye aliyewaswaga kuwarudisha huku watu wakiwa wamesimama kando ya njia wanatazama. Ulisema hakulia. Ulisema tu kwamba tangu siku ile hakutaka kusikia mtu akitaja pumzi. Nilikusikiliza na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimemchukia, na aibu nyingine kwamba mimi ndimi niliyemletea jambo lile lile tena ndani ya nyumba.

Hata hivyo wewe hukuwa mtu wa kutii moja kwa moja. Kiangazi kile walipokuwa wakichoma mabua ya mahindi mashamba yote, moshi ukakaa bondeni siku nzima, uliniona midomo imebadilika rangi ukanibeba mgongoni mpaka hospitali ya Waafrika kule Kitale. Ulimwambia Baba unakwenda kutafuta chumvi. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu wa pwani, mfupi, kanzu chini ya koti jeupe, na alitupokea kwa dharau ya watu wanaojua lugha vizuri. Aliuliza mtoto ana nini. Nawe, kwa mazoea ya nyumba yetu, ukasema mtoto anapumuzika. Dresa akatutazama. Akasema basi mwache apumzike, mbona umembeba njia yote hii. Ulimsogezea mgongo, kifua changu kikilia filimbi, mpaka alipozisikia pumzi zangu mwenyewe na kunishusha mezani.

Alinipa dawa chungu na kunikalisha dirishani. Kisha, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi na yeye alipenda kusikilizwa, akatufundisha. Huo ugonjwa, alisema, unaitwa pumu. Pumu, pumzi, kupumua, kupumzika, hao wote ni watoto wa nyumba moja. Mtu hapumziki mpaka pumzi imrudie, ndiyo maana ya neno lenyewe. Roho ni mgeni, alisema, amekuja na Waarabu. Na nafasi pia ni mgeni wa huko huko, na kule kwao maana yake ilikuwa pumzi, kabla haijawa pahali pa kukaa wala wakati wa kufanya kazi. Ulimwuliza kama ana hakika. Akasema babu yake alisoma vitabu vya Kiarabu, na wewe umesoma nini? Ukamjibu kwamba umesoma kifua cha huyu mtoto. Hapo alicheka, na akatuongezea dawa kwenye karatasi.

Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukiyarudia maneno yale. Kwamba sisi Wabukusu tunasema kumwoyo, na hapo tumetaja moyo na uhai pamoja, hatujajisumbua kuvitenganisha. Kwamba Waswahili wanavuta pumzi, utadhani ni maji ya kisimani, na wanaishusha, utadhani ni kuni za kichwani. Ulipenda zaidi ile ya nafasi. Tulipokutana na wanawake waliobeba magunia, njia ikawa nyembamba, uliwaambia, "Mutupe nafasi, tafadhali," kisha ukanigeukia ukacheka peke yako. Nilikuwa na miaka kama minane na sikuelewa kicheko hicho. Nilichoelewa ni kwamba ugonjwa wangu una jina, na mtu aliyelitaja hakushusha sauti alipolitaja.

Lakini jina lile tuliliacha kwenye njia ya Kitale. Kabla ya kufika ulinikumbusha kwamba tulikwenda kununua chumvi. Chumvi yenyewe ulikuwa umeisahau, tukaazima kwa jirani.

Jumapili moja mhubiri alifundisha jinsi Mungu alivyoumba mtu kwa udongo akampulizia pumzi puani. Wote waliitika amina. Mimi niliwaza kwamba alipofika kwa watu wa nyumba yetu huenda aliitwa na mtu, akapuliza nusu akaenda zake. Nilikuambia wazo hilo tukitoka, nikitegemea utacheka. Ulinifinya mkono mpaka ukauma na kusema nisilirudie. Sikujua kama uliogopa Mungu au uliogopa kwamba ni kweli.

Kisha nikawa msichana mkubwa, na watu wa Misikhu wakaleta habari kwamba wana kijana. Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kutetemeka. Unajua jinsi watu wetu wanavyochunguza ukoo: kifafa, uchawi, ukoma, wizi, wanauliza mpaka kwa adui zako. Na kama haitoshi, wanawake wa upande wa kijana huja kumtazama binti akisaga wimbi. Anapiga magoti kwenye jiwe, anasaga na kuimba, na wimbo usikatike, kwa sababu mwanamke anayeweza kusaga na kuimba kwa pamoja atalima, atabeba maji, atazaa. Mama wa binti hakai jikoni siku hiyo, asije akamsaidia. Anayekaa kando yake ni senge.

Baba hakula siku tatu kabla yake. Wewe ulichemsha majani ya mkaratusi tuliyoyachuma kwenye ua wa mzungu na kunifunika blanketi juu ya mvuke mpaka nikatoka jasho la mgonjwa wa homa. Asubuhi yenyewe uliuosha wimbi, ukauanika, ukaupepeta mara nyingi kuondoa vumbi. Hukuniambia utafanya nini. Wageni waliketi ukutani, mama wa kijana katikati yao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nikapiga magoti, nikaanza.

Beti la kwanza nililimaliza. La pili lilipofika katikati nilihisi kamba ikikaza chini ya koo, na nikajua kwamba neno linalofuata halitatoka. Halikutoka kwangu, lilitoka kwako. Uliuchukua wimbo pale pale nilipouacha, katikati ya neno, kana kwamba ndivyo ulivyopangwa, huku goti lako limegusa langu. Nilisaga tu, nikivuta hewa kidogo kidogo. Nilipoweza nilirudi, nawe ukaniachia. Nilipokwama ukachukua. Hakukuwa na zamu. Ulikuwa ukisikiliza pumzi zangu tu, kama siku zote. Wimbi uliisha, ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa chini ya jiwe ikajaa unga, wageni wakapiga vigelegele.

Walipotoka kwenda kula nilikutafuta nikakukuta nyuma ya ghala umekaa chini, mikono magotini, midomo ya buluu. Nilikuwa nimesahau kwamba na wewe una kifua hicho hicho. Nilikaa nikakugeuzia mgongo, uegemee. Tuliwasikia wakicheka kwa Baba, na Baba akiwaambia kwamba dada yake amechoka na mapishi. Hatukumwita mtu. Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu wa kuitwa.

Ulinisindikiza mpaka Misikhu na kurudi, na ulipofariki, mimi nikiwa na watoto wawili, nilikuja kukuzika. Haya unayajua. Usilolijua ni kilichotokea kwa wimbo wetu, na hili ningependa ulicheke, ingawa mimi limenitesa.

Wale wanawake walirudi Misikhu wakisimulia kwamba watu wa Saboti wana mtindo wao wa kusaga: senge na binti hupokezana wimbo, mmoja akiacha mwingine anadaka. Waliona ni jambo zuri ajabu. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mayi, alilipenda kuliko wote. Wiki yangu ya kwanza pale alileta jiwe lake akaliweka kando ya langu, akasema nimfundishe kuimba kwa njia ya kwetu. Ningefanya nini? Nilimfundisha. Basi tukawa tunasaga pamoja na kupokezana, naye alikuwa na pumzi za farasi, anaimba mpaka majirani wa ng'ambo wanaitikia. Kisha akawafundisha wifi zake. Ikaenda kwa wanawake wa kanisa, wakawa wanasaga hivyo kila sikukuu. Leo wasichana wa Misikhu wanaamini wazee wao wote walisaga kwa kupokezana tangu zamani. Kijiji kizima, Senge, kinaimba ugonjwa wangu.

Na mimi kila niliposikia nilitamani ardhi inimeze. Watu walinisifu kwa kuwaletea jambo zuri, nami nikainama. Mume wangu nilishindwa kumficha, maana mtu unayelala naye humfichi pumzi. Yeye hakuuliza, alitoboa tu dirisha la pili chumbani na kumwambia mama yake kwamba anapenda upepo. Wengine wote niliwaambia nina kifua cha baridi. Misikhu mvua ikinyesha kila mtu ana kifua cha baridi, kwa hiyo sikugunduliwa. Nilijua hali ikizidi nijifungie ndani na kutulia, na nilijiona hodari. Nilikuwa nimejenga nyumba ya Baba upya, na hata kofia yake sikuwa nayo.

Kisha Naliaka, binti yangu wa kwanza, akaanza kulia filimbi. Alikuwa amejificha chini ya kitanda akicheza, vumbi likamwingia. Niliisikia sauti ile kutoka jikoni nikaijua kabla sijafika mlangoni. Nilimkalisha nikamgeuzia mgongo, na jirani alipoita akitaka moto, unajua nilimjibu nini. Nilisema mtoto anapumzika. Neno lilitoka lenyewe. Nilikaa pale nimeegemewa na mtoto wangu, uso unanichoma.

Sasa ni msichana mkubwa. Kuna kijana wa Ndalu, fundi wa baiskeli, mtu mpole, na Naliaka anampenda. Hapendi kwa kusukumwa; nimemwona akichungulia barabarani. Watu wa Ndalu wakasema wanawake wao watakuja. Siku hizi mashine ya posho iko sokoni, hakuna anayesaga kwa mkono ila kwa desturi, lakini watu wa Ndalu ni watu wa desturi.

Wa kukaa kando yake alikuwa Nafula, dada wa mume wangu. Siku moja kabla ya wageni kuja nilimfuata shambani, nikiwa nimepanga maneno njia nzima. Nilitaka kumwambia amsikilize mtoto, achukue wimbo wakati wowote atakapochoka, asingoje. Sikuweza kusema kwa nini. Nilisema tu kwamba Naliaka ni mwoga wa watu. Nafula alicheka. Alisema, "Wifi, kila mutu ana beti lake. Mimi naimba langu, yeye anaimba lake. Si ndiyo njia ya kwenu?"

Ndiyo, ndiyo njia ya kwetu. Wewe ulidaka pale nilipoanguka, nao wamepima, wamegawa, wameweka zamu. Nilirudi nyumbani bila kusema zaidi, na huo woga wangu wa shambani ndio unaoniuma kuliko yote yaliyofuata.

Walikuja asubuhi, wanawake wanne, wamefunga vitambaa vizuri. Nilikaa nje upande wa ukuta wa jikoni kama inavyotakiwa, Mayi akiwa mlangoni kwa sababu hakuna anayeweza kumzuia Mayi kukaa mlangoni. Nafula aliimba beti lake. Naliaka akaimba lake, sauti nzuri, nikaanza kupata matumaini. Nafula akaimba la pili. Kisha ikawa zamu ya mtoto, na nikasikia jiwe tu.

Jiwe likienda, likirudi. Nafula alingoja. Mgeni mmoja alicheka kidogo akasema binti ana haya, na wengine wakamwunga mkono, wakamhimiza kwa upole. Nafula, kumsaidia, akarudia beti lake mwenyewe tangu mwanzo, kisha akanyamaza kabisa ili mtoto apate zamu yake. Jiwe halikusimama. Alikuwa akisaga, Senge. Alikuwa haimbi wala havuti hewa, na alikuwa akisaga. Niliyasikia yote kupitia ukutani na nilijua anahesabu punje zilizobaki.

Niliingia. Mama wa binti haingii, lakini niliingia. Naliaka aliinua macho, na sikumwona yeye, nilijiona mimi. Nilimshika mikono nikaitoa kwenye jiwe. Nilisema, "Mwacheni. Huyu mtoto ana pumu. Ameitoa kwangu. Mimi niliitoa kwa watu wetu." Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, lakini kila mtu alisikia, kwa sababu jiwe lilikuwa limenyamaza.

Nilimtoa nje akae pasipo vumbi. Wageni walikuwa na adabu. Walisema pole, walisema mtoto ni mzuri, walikunywa chai kidogo, wakasema watazungumza na wazee wao na kuleta neno. Neno halijaja. Baiskeli zinapita barabarani na Naliaka hachungulii tena. Aliponiongelesha jioni ile aliniambia jambo moja tu: "Mama, ungenyamaza ningemaliza." Huenda ni kweli. Ilikuwa imebaki konzi moja ya wimbi.

Na Mayi. Nilitegemea atanitukana, kwamba nilimdanganya, nikamletea wajukuu wa kifua kibovu. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kurudishwa, nikiwa na umri huu. Alikaa mlangoni pale pale mpaka wote walipoondoka. Kisha akaniuliza, "Kumbe hiyo miaka yote ninaimba, wewe ulikuwa unakosa hewa hapa kando yangu?" Nilisema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilikuwa naona ni raha yetu." Aliinuka, akaenda nyumbani kwake, akafunga mlango. Siku zikapita hakuniongelesha. Nimeona aibu nyingi maishani, Senge, nyingi ambazo sikustahili. Hii niliistahili. Mwanamke huyu alinipenda kupitia wimbo ule, nami nilikuwa nimemfanya mjinga wa kuimba huku mtu anakufa gotini pake.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi. Naliaka alikuwa akipiga gunia kwa fimbo, nilimwambia aache, hakusikia. Ana hasira na mimi. Vumbi lilipanda. Nilipogeuka alikuwa ameshika nguzo ya ghala, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka. Nilifanya ninachokijua. Nilimkokota ndani, nikafunga mlango, nikateremsha pazia, nikamgeuzia mgongo. Lakini hakuweza hata kuegemea. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilimwambia ataje kuku kwa majina, na hakukuwa na pumzi ya jina hata moja. Nami nilikaa pale gizani mchana kweupe, na Mungu anisamehe, nilikuwa nikisikiliza kama kuna mtu anapita.

Mlango ulisukumwa mpaka bawaba moja ikang'oka. Mayi aliingia, akamshika mtoto kwapani kutoka nyuma, akamburuta mpaka nje kwenye upepo. Hakunitazama. Alisimama katikati ya ua akaita kwa sauti yake ile ya ng'ombe, mpaka sokoni wakasikia: "Njooni! Mujukuu yangu hapumui! Hapumui!"

Neno lile lile. Mahali wazi, mchana, mbele ya watu. Nilifunga uso kwa mikono.

Wakaja. Nafula alitoka shambani na jembe mkononi. Mke wa mwenye duka alikuja mbio bila viatu. Mtu mmoja alimwaga maji kwenye moto wa jikoni ili moshi ukome, mwingine akachukua ungo akapepea, kijana wa mashine ya posho akapanda baiskeli kumfuata dresa bila kuambiwa na mtu. Na jirani yangu wa uzio mmoja, mwanamke ambaye tumeazimana moto tangu niolewe, alipiga magoti kwa Naliaka, akamkalisha sawa, akamwinamisha mbele, mikono juu ya magoti, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Nilimwuliza amejulia wapi.

"Hata wangu wa pili anakuwanga hivi," alisema, hakuinua macho. "Sisi tunasemanga ni baridi."

Dresa alikuja. Mtoto amepona, anakula, bado amenuna. Mayi ameniambia nimletee chumvi, ndiyo neno lake la kwanza kwangu. Ndalu haijasema kitu na huenda haitasema. Aibu haijaondoka, ila imehama mahali: zamani niliona aibu kwa pumzi zangu, na sasa naona aibu kwa ile milango tuliyoifunga, wewe na mimi, tukiamini nje kuna watu wa kutucheka tu. Hatukuwahi kuita hata mara moja. Hakuna aliyetuambia, Senge. Watu huja.

Mimi,
binti wa kaka yako